Vyombo Vinaporudi Mikononi

Muziki wa dansi, yaani muziki wa bendi zenye magitaa ya umeme, tarumbeta, saksafoni, tumba na waimbaji wanaopokezana na kuitikiana kwa Kiswahili, uliwachezesha Watanzania wa miji mikubwa na midogo kuanzia miaka ya 1930 hadi karne ya 20 ilipokaribia ukingoni, na ulipendwa kwa namna ambayo lugha yenyewe bado inaikumbuka, kwa maana shabiki wa bendi huitwa mpenzi, na nyimbo za enzi hizo zikaja kuitwa zilipendwa. Bendi nyingi kati ya hizo zilinyamaza. Chache zilirudi jukwaani baada ya ukimya wa miaka mingi, na kurudi huko kuna historia yake na sababu zake, ambazo haziwezi kueleweka bila kwanza kuuliza bendi ni kitu gani hasa, na ni nini kinachorudi pale inaposemekana kwamba bendi imerudi.

Katika nchi za Magharibi swali hilo lina jibu jepesi kidogo. Bendi ya roki ni watu wanne au watano walioanza pamoja wakiwa vijana, wenye vyombo vyao wenyewe na jina lao wenyewe, na wakigombana huachana, na wakipatana hurudiana, kama walivyofanya Pixies wa Boston, mojawapo ya bendi mashuhuri za roki huru, yaani roki inayotolewa na kampuni ndogo zisizofungamana na kampuni kubwa za sahani, ambao walivunjika mwaka 1993 na kurudi jukwaani mwaka 2004. Kwa Tanzania mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu bendi ya dansi iliundwa na vitu vitatu ambavyo kwa kawaida havikuwa na mwenye mmoja: jina, vyombo na watu. Jina lilikuwa la klabu, la chama au la shirika. Vyombo vilikuwa vya mfadhili aliyevinunua. Na watu walikuwa waajiriwa au vibarua ambao siku wakiondoka huondoka na sauti zao na vidole vyao tu.

Bonde la Kilombero ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili, kwa kuwa ni nchi ya wasikilizaji. Ifakara, mji mkuu wa bonde hilo, uko katika Mkoa wa Morogoro, kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini, na kwa hiyo umekuwa siku zote chini ya kivuli cha mji wa Morogoro, ambao katika miaka ya 1950 na 1960 ulishindana na Dar es Salaam yenyewe kwa wingi wa muziki. Jina la bonde lenyewe limewahi kuingia katika orodha ya bendi: Ulanga, jina la zamani la mto Kilombero na la wilaya iliyokuwa ikilikumbatia bonde lote kabla Kilombero haijawa wilaya ya peke yake, lilibebwa na bendi iliyoitwa Ulanga Jazz, katika enzi ambayo watu waliotoka sehemu moja waliungana mjini na kuipa bendi yao jina la kwao, kama walivyofanya watu wa Tabora na Western Jazz, au wale wa kusini na Kilwa Jazz na Rufiji Jazz.

Namna watu wa bonde walivyoupata muziki huu inahitaji kuelezwa kwa kirefu, maana ndiyo inayofafanua uzito wa kurudi kwa bendi. Kilombero ni bonde la mpunga. Wakati wa masika mto hufurika na kuifunika mbuga, na wakulima wengi, Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena na wageni waliokuja baadaye, huacha nyumba zao za mjini na vijijini na kuhamia mashambani kwa miezi kadhaa, wakiishi katika vibanda vya muda na kukaa juu ya madungu, yaani majukwaa ya miti yaliyoinuliwa juu ya shamba, ili kuamia ndege na kuwafukuza nguruwe na viboko wasiumalize mpunga kabla ya kuvunwa. Uhamaji huo wa msimu unajulikana vizuri kwa watafiti wa malaria wa Ifakara, ambao kituo chao, kilichoanza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, kimeuchunguza kwa miaka mingi kwa kuwa mkulima anayelala kibandani huumwa na mbu zaidi kuliko aliye nyumbani. Mtafiti wa muziki angeutazama uhamaji huohuo kwa jicho jingine, kwani redio ya betri ilikuwa chombo chepesi cha kubeba, na mtu aliyekaa dunguni tangu alfajiri hadi jioni alikuwa na masikio yaliyokuwa huru.

Redio hiyo ilikuwa moja tu. Tangu mwaka 1965, serikali ilipoifanya idhaa ya taifa kuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, hapakuwa na redio ya mtu binafsi Tanzania Bara, na bendi ilipotaka kusikika ilikwenda katika studio ya idhaa hiyo, ikarekodi nyimbo zake kwa muda mfupi kwenye utepe, ikalipwa kidogo, ikaondoka. Nyimbo chache zilifika Nairobi zikatolewa katika sahani. Nyingi hazikuwahi kuuzwa popote. Matokeo yake ni kwamba wimbo uliopendwa kuliko wote Ifakara ungeweza kuwa wimbo ambao hakuna mtu hata mmoja wa Ifakara aliyeumiliki, ambao ulisikika pale tu mtangazaji wa Dar es Salaam alipoamua kuupiga, na ambao msikilizaji alilazimika kuuhifadhi kichwani, neno kwa neno na gitaa kwa gitaa, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuuweka.

Bendi zenyewe zilionekana kwa nadra zaidi. Bendi zilizofanya ziara mikoani zilipenda kusubiri mavuno, wakati pesa ya mazao imeingia mifukoni, na zilikwenda palipo na watu wenye mshahara. Kwa upande huo bonde lilibadilika sana katika miaka ya 1960 na 1970, kwa kuwa kiwanda cha sukari cha Kilombero kilileta wafanyakazi kutoka kila pembe ya nchi, kisha ikaja Reli ya Uhuru, TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Hata hivyo gitaa la umeme linataka umeme, na ingawa bwawa la Kidatu lilianza kuzalisha umeme mwaka 1975 katika bonde hilihili, waya zake zilielekea kwanza kwenye viwanda na miji ya mbali, na vijiji vingi vya bondeni vikaendelea kutumia koroboi kwa miongo mingi. Ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge na Malinyi, mafuriko yalipokuja kivuko kilisimama na hata gari la vyombo lisingeweza kuvuka. Daraja la kudumu, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa rasmi mwaka 2018 tu. Mpenzi wa bendi katika nchi ya namna hiyo aliweza kuipenda bendi kwa miaka 20 bila kuiona.

Katika mji wa Morogoro, bendi mbili ndizo zilizougawa mji na mkoa mzima. Ya kwanza ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928, ambaye utotoni alizisikiliza sahani za muziki wa Kuba zilizojulikana kwa herufi GV, zilizoanza kuletwa Afrika mnamo 1933, na husimuliwa kwamba alitoroka nyumbani ili aende Kuba kwenyewe, akaishia Mombasa. Sahani hizo zilikuwa na historia ya ajabu, kwa maana midundo iliyokuwa ndani yake ilichukuliwa Kuba na watumwa wa Kiafrika, wengi wao wakiwa wa nchi za Kongo, ikachanganywa huko na gitaa la Kihispania, kisha ikarudi Afrika ikiwa imechongwa katika santuri na kupokewa kama kitu kinachojulikana tayari. Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akaipokea bendi na kuiongoza kwa miaka mingi. Ya pili ilikuwa Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka uleule alipozaliwa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gitaa na mwimbaji aliyejiunga nayo katikati ya miaka ya 1960 na kuipandisha hadi ikaiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Expo 70 mjini Osaka, Japani. Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka akaunda Super Volcano, na Januari 1979 akafa katika ajali ya barabarani nchini Kenya, akiwa hajafikisha miaka 35.

Vifo hivyo viwili, vyote vya barabarani, vinaeleza kwa nini Mkoa wa Morogoro haukupata kamwe siku ya kuziona bendi zake kubwa zikirudi zikiwa kamili. Bendi iliyomzunguka mtu mmoja mwenye kipaji cha aina hiyo haiwezi kurudiana naye kaburini, na wapenzi wa Kilombero waliobaki walikuwa na sauti redioni, basi. Hali kama hiyo iliwapata wapenzi wa ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, ambao Simba Wanyika yao, iliyokita kambi Nairobi tangu 1971, ilizaa Les Wanyika mwaka 1978 wanamuziki kadhaa walipojitenga. George alifariki mwaka 1992, Wilson mwaka 1995, na matawi ya mti ule hayakukutana tena.

Kwingineko utengano ulitokana na ajira zaidi kuliko mauti. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, na kwa mara ya kwanza wanamuziki wakapata mshahara wa kila mwezi. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA mwaka 1977 bendi ikabadilika jina, na kilipokuwa OTTU mwaka 1991 ikabadilika tena, huku wapenzi wakiendelea kuiita kwa jina la mtindo wake, Msondo. Mtindo, katika lugha ya dansi, ni jina ambalo bendi hulipa pigo lake na uchezaji wake, kama vile Saboso ya Western Jazz au Likembe ya Morogoro Jazz, na mara nyingi hutokana na ngoma ya asili. Kwa kuwa jina la bendi lilikuwa mali ya mwajiri na lingeweza kufutwa kwa barua moja, mtindo ndio uliokuwa jina la kweli, lile ambalo wapenzi walilishika. Mwaka 1978 shirika moja la usafiri na teksi jijini Dar es Salaam lilinunua vyombo vipya na kuunda Mlimani Park, likawachukua wanamuziki bora wa Dar International na wa JUWATA, akiwemo mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo. Shirika lilipoyumba, bendi ikapokewa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na mtindo wake, Sikinde, ukawa mpinzani wa Msondo kwa vizazi viwili.

Kuhama huku kwa wanamuziki kutoka bendi hii kwenda ile, ambako kwa juujuu kunafanana na usaliti, kulikuwa na mantiki ya wazi: asiye na gitaa humfuata mwenye gitaa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni vilipoifanya nchi ishindwe kuagiza hata dawa za kutosha, nyuzi za gitaa na vipaza sauti vilikuwa anasa, na mfadhili aliyeweza kuvipata aliweza kuivunja bendi nzima kwa siku moja. Gurumo mwenyewe alitoka Mlimani Park mwaka 1985 na kwenda kuasisi Ndekule, chini ya Orchestra Safari Sound iliyokuwa ya mfanyabiashara, kisha baada ya miaka michache akarudi Msondo, nyumbani kwake tangu 1964, akaimba huko hadi alipostaafu mwaka 2013, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kurudi kwake kulikuwa aina ya Kitanzania ya bendi kurudiana: hakukutangazwa kama tukio, hakukupewa tarehe wala bango, lakini wapenzi waliosikia tena sauti ile nzito ikiongoza waitikiaji walielewa vizuri kilichotokea.

Wale ambao hawakuwa na pa kurudi walikuwa wengi zaidi. Bendi za mikoani zilikufa kimyakimya kadiri vyombo vilivyoharibika, na wanamuziki waliozeeka wakiwa hawana pensheni, wala haki ya malipo kwa nyimbo zilizopigwa redioni kila wiki, wakarudi kilimoni au wakafanya biashara ndogondogo. Marijani Rajabu, mwimbaji aliyeibeba Dar International mabegani mwake baada ya wenzake kuhamia Mlimani Park, na ambaye sauti yake inatambulika mpaka leo na watu waliozaliwa baada ya kifo chake, aliishia kuuza kanda za muziki kwenye kibanda, akafariki mwaka 1995. Ni vigumu kuandika habari hiyo bila uchungu, kwa sababu taifa zima lilikuwa likiimba nyimbo zake.

Katika hali hiyo ndipo mwaka 1993 likatokea jambo ambalo halikuwa na mfano Afrika Mashariki. HelpAge, shirika linaloshughulikia maisha ya wazee, liligundua kwamba miongoni mwa wazee wa Dar es Salaam walikuwamo wanamuziki wa bendi za miaka ya 1950 na 1960 ambao ujuzi wao ulikuwa mzima na waliokosa kitu kimoja tu, vyombo. Vyombo vikapatikana, na wazee hao, waliotoka katika bendi mbalimbali zilizokuwa zimekufa au kuwasahau, wakakusanyika chini ya jina Shikamoo Jazz. Aliyesimama mbele yao alikuwa Salum Zahoro, mwimbaji na mpiga gitaa aliyejulikana tangu enzi ya Kiko Kids ya Tabora, na nyuma yake wapigaji kama Ally Rashid wa saksafoni. Jina walilolichagua lilikuwa na uzito wake, maana shikamoo ni salamu ambayo mdogo humpa mkubwa na ambayo haikamiliki mpaka mkubwa ajibu marahaba. Kila bango lililotangaza onyesho la bendi hiyo likawa, kwa namna fulani, linawaamkia wazee wale hadharani.

Si haki kusema kwamba Shikamoo Jazz ilikuwa bendi iliyorudiana, kwa kuwa bendi yenye jina hilo haikuwahi kuwapo kabla. Kilichorudiana ni kizazi. Mpiga besi wa bendi moja alikutana na mwimbaji wa bendi iliyokuwa mpinzani wake, nao wakagundua kwamba walijua nyimbo zilezile, kwa sababu wote walizipiga kwenye kumbi zilezile na kuzisikia kutoka redio ileile, na kwamba baada ya miaka 30 mashindano yaliyokuwa yakiwagawa wapenzi yalikuwa yamebaki kuwa kumbukumbu tamu tu. Albamu yao, Chela Chela, ilitoka mwaka 1995, na mwaka huohuo walipelekwa Uingereza, ambako walimsindikiza pia Bi Kidude wa Zanzibar, mwimbaji wa taarabu na unyago ambaye naye alikuwa amekaa miaka mingi bila jukwaa la kumtosha. Watu waliokuwa wakihesabiwa miongoni mwa wanaohitaji msaada walirudi kuhesabiwa miongoni mwa wasanii, na tofauti kati ya hesabu hizo mbili ilikuwa magitaa machache na vipaza sauti vyake.

Mwaka ule wa 1993 unastahili kukumbukwa kwa sababu nyingine. Dunia ilishangilia sana, miaka minne baadaye, ilipotoka albamu ya Buena Vista Social Club, iliyorekodiwa Havana mwaka 1996 na wazee wa Kuba waliokuwa wamesahaulika, miongoni mwao mpiga piano Rubén González, ambaye husimuliwa kwamba piano yake ilikuwa imeliwa na mchwa, na mwimbaji Ibrahim Ferrer, aliyekuwa akipiga watu viatu rangi ili apate riziki. Wazee wa Dar es Salaam walikuwa wametangulia, nao walikuwa wakipiga muziki uliozaliwa na sahani za Kuba hiyohiyo. Kama Havana ilipata filamu na mauzo ya mamilioni wakati Dar es Salaam ilipata safari moja ya Uingereza na kanda chache, sababu haikuwa ubora wa vidole. Ilikuwa uwezo wa makampuni na urefu wa mkono wa soko.

Mfano wa karibu zaidi na wa Tanzania ni ule wa Dakar. Orchestra Baobab, bendi iliyoanzishwa mwaka 1970 kwa ajili ya klabu moja ya usiku katika mji mkuu huo wa Senegali, ilijengwa juu ya midundo ya Kuba kama Cuban Marimba, ikasukumwa pembeni na muziki mpya wa vijana uitwao mbalaksi, na ikavunjika mwaka 1987. Mpiga gitaa wake mkuu, Barthélemy Attisso, aliyekuwa amesomea sheria, alirudi kwao Togo akawa wakili na kuliweka gitaa kando kwa zaidi ya miaka 10. Alipoitwa mwaka 2001 ilimbidi ajifunze upya, akikaa usiku na sahani zake mwenyewe na kujifuatisha kama mwanafunzi anavyomfuatisha mwalimu, na bendi ikapanda tena jukwaani London mwezi Mei mwaka huo, kisha ikatoa albamu mpya mwaka 2002. Nairobi nako Les Mangelepa, iliyoundwa na Wakongo mwaka 1976, ilitoa albamu na kuzuru Ulaya mwaka 2017, ikiwa na wazee wachache wa mwanzo na vijana waliojaza nafasi zilizoachwa wazi.

Habari ya Attisso inagusa jambo ambalo msikilizaji wa kawaida halifikirii. Kidole cha mpiga gitaa hujenga sugu kwenye ncha, na sugu hiyo hupotea gitaa likikaa wiki chache bila kupigwa. Pumzi ya mpiga saksafoni hupungua kwa umri. Sauti ya mwimbaji hushuka, na nyimbo alizoziimba akiwa na miaka 25 inabidi zishushwe ufunguo ili azifikie akiwa na 65. Zaidi ya hayo, muziki wa dansi haupigwi na mtu mmoja mmoja. Gitaa la kuongoza, ambalo wapenzi huliita solo, hufumwa na gitaa la pili na lile la ridhimu, kila moja likipiga mzunguko wake mfupi bila kuacha, na uzuri wake uko katika nafasi ambazo kila mpigaji anawaachia wenzake. Wimbo huanza polepole, hadithi ikisimuliwa kwa beti, kisha hufika mahali ambapo maneno hupungua, tumba na magitaa hukaza mwendo, na wachezaji walioketi huinuka. Sehemu hiyo huitwa chemko. Bendi iliyokaa miaka mingi bila kupiga pamoja huweza kulikumbuka shairi lote bila kosa na bado ikashindwa kuchemka, na mpenzi huligundua hilo kabla ya mwanamuziki mwenyewe kukiri.

Ndiyo maana swali la vijana si dogo. Bendi ya wakongwe inayotaka kuendelea kupiga hulazimika kuchukua wapigaji wapya, na wapigaji hao hujifunza kwa kukopi, yaani kuiga wimbo wa zamani pigo kwa pigo kutoka kwenye kanda, kazi ambayo wengine huidharau lakini ambayo kwa hakika ndiyo shule kuu ya dansi tangu Salum Abdallah alipokaa mbele ya santuri. Vilevile bongo fleva, muziki wa vijana uliotawala redio tangu mwisho wa miaka ya 1990 na unaotengenezwa zaidi kwa kompyuta kuliko kwa bendi, uliondoa haja ya mtoto wa Ifakara kuota gitaa. Unahitaji simu na studio ya chumba kimoja. Hakuna ubaya katika hilo. Hasara iliyopo ni kwamba ufundi wa magitaa matatu yanayozungumza kwa pamoja haujifunzwi peke yako chumbani, na ukikosa watu wa kukaa nao haurithiwi.

Zimebaki tepu. Katika maktaba ya idhaa ya taifa, ambayo leo ni TBC, kuna hazina kubwa ya nyimbo zilizorekodiwa na bendi za kila mkoa, nyingi zikiwa nakala pekee duniani, kwenye utepe wa sumaku unaoharibika kwa joto na unyevu wa pwani, na juhudi za kuzihamishia katika mfumo wa dijitali zimekuwa zikifanywa kwa nyakati tofauti. Kazi hiyo ingefaa ihesabiwe miongoni mwa kazi za haraka za taifa, kwa maana tepu ikiganda, bendi iliyokuwa ndani yake haitarudi kwa njia yoyote.

Kwa sasa nyimbo za zilipendwa husikika Kilombero kutoka kwenye simu zenye kadi za kumbukumbu, katika vibanda vya kahawa na katika mabasi ya Mikumi na Mlimba, na watu wengi wanaozisikiliza hawajawahi kuziona bendi zilizozipiga. Mzee aliyeupata wimbo kwa redio ya betri juu ya dungu, akauweka kichwani kwa sababu hapakuwa na pa kuununua, anaujua kwa toleo moja tu, lile lililorekodiwa studio siku moja ya miaka ya 1960 au 1970, pamoja na kikohozi cha mwimbaji na uzi uliolegea. Akibahatika kusimama mbele ya wakongwe wanaoupiga tena, hasikilizi shairi, ambalo tayari analo. Anasubiri mahali pale ambapo solo huingia kabla ya chemko, akiwa ameinamisha kichwa kidogo, ili asikie kama mkono ule bado unapita njia ileile.